Kura ya Refa

Siku za kazi alichomelea mageti na madirisha, na mwisho wa wiki alichezesha mechi za mitaa. Jina la Refa lilimganda huko uwanjani, hata mkewe akawa analitumia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye makovu ya cheche mikono yote miwili, na sauti ndogo isiyolingana na kimo chake. Watani zake walisema ndiyo maana aliipenda filimbi.

Mdogo wake alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Mfupi, mnene, mwenye maneno mengi, na akiwa na randa mkononi aliimba nyimbo ambazo hakuna aliyezijua mwisho wake, kwa kuwa alizitunga hapo hapo. Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa ukingoni mwa mto, katika safu ya karakana za mafundi: yeye, fundi magodoro, fundi baiskeli na wengine wachache. Ya Refa ilikuwa mbali kidogo, juu barabarani, karibu na transfoma, kwa sababu kuchomelea kunataka umeme wenye nguvu. Kila mchana mmoja wao alimfuata mwenzake wakala pamoja, na aliyeshiba kwanza ndiye aliyeanza kumsema mwenzake kuwa mlafi.

Mto ule uliugawa mji. Upande huu nyumba, soko na karakana; upande wa pili hospitali na shule kubwa. Katikati palikuwa na daraja la mbao, la zamani kuliko watu wengi waliolipita. Mwaka wa mvua kubwa likasombwa. Watu waliamka wakakuta nguzo mbili zimesimama majini, nyingine zote zimekwenda na maji.

Kila mtu alidhani litajengwa upesi. Halikujengwa. Katika uchaguzi uliokuwa umepita, watu wa mji ule walikuwa wamemchagua meya kutoka chama kimoja na madiwani wengi kutoka chama kingine. Wengine walifanya makusudi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, rafiki wa Refa, alijigamba: "Tumemwekea kila mmoja mlinzi wake. Hakuna atakayekula peke yake."

Na kweli hakuna aliyekula peke yake. Hakuna aliyekula kabisa. Meya hakuweza kutumia chochote bila baraza kupitisha, na baraza likipitisha lake, meya hatii saini. Meya alitaka daraja lijengwe chini, kwenye safu ya karakana, ambako mto ni mwembamba. Mwenyekiti wa baraza, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu mkuu na ambaye wote walimwita Mwalimu, alitaka lijengwe juu, karibu na soko, tena paa la soko litengenezwe kwanza. Kila kikao kiliisha kwa makelele. Magazeti yakafurahi. Watu wakawa wanavuka kwa chelezo cha mapipa kilichovutwa kwa kamba, na maji yakijaa hawavuki kabisa.

Katika msimu mmoja wa maji kujaa, mama yao akina Refa alibanwa na kifua. Alikuwa na ugonjwa wa moyo wa miaka mingi, na mara mbili daktari wa hospitali ya ng'ambo ya mto alikuwa ameshamrudisha duniani, kama mwenyewe alivyopenda kusema. Safari hii walimpakia kwenye pikapu ya kukodi, seremala akashika usukani, Refa akakaa nyuma amempakata mama, na wakaanza kuzunguka kwa barabara ya vumbi mpaka daraja la mji wa jirani, kisha warudi kwa upande wa pili. Hospitali waliiona tangu walipotoka nyumbani. Waliiona tena walipopanda kilima, na paa lake liling'aa jua lilipopiga. Mama alifariki kabla hawajateremka.

Refa aligonga kioo cha nyuma. Mdogo wake hakugeuka. Alisema tu, "Bado ana joto, kaka?"

"Ana joto."

"Basi naendelea."

Akaendelea mpaka mlangoni mwa hospitali, ingawa wote wawili walikuwa wameshajua. Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Siku hiyo hakuimba.

Mwaka uliofuata, diwani wa kata yao, aliyekuwa wa chama cha Mwalimu, alihama mji, kiti kikabaki wazi. Bila kiti hicho, pande mbili barazani zilikuwa sawa kwa sawa. Watu wakamwendea Refa. Hakuwa na chama. Waliotaka asimame walimwambia neno moja: amewachezesha watu wa pande zote na hajawahi kupendelea. Mkewe alicheka kwa uchungu. "Uwanjani wakikukasirikia wanakurushia chupa za maji. Huko watakurushia nini?"

Ni seremala aliyemsukuma. "Kaka, kama si wewe nani? Mama alikufia mikononi. Nenda kapige filimbi hao watu wanyamaze." Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kumwombea kura, akichekesha watu mpaka wakasahau kumuuliza mgombea mwenyewe ana sera gani. Refa akashinda.

Wiki yake ya kwanza meya alimwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi. Meya alikuwa mtu mchangamfu, mfamasia wa zamani, mwenye tabia ya kumshika mtu bega anapotaka kitu.

"Kura yako moja tu," alisema. "Unanipa, keshokutwa tunaanza kuchimba."

"Na wapinzani wako watakwenda mahakamani keshokutwa hiyo hiyo," Refa alijibu. "Watalisimamisha, litabaki mashimo. Mimi sitaki daraja linaloanza, mheshimiwa. Nataka linaloisha."

"Sasa unataka nini?"

"Mkae chini, wewe na Mwalimu."

Meya akaondoa mkono begani mwake. Mwalimu naye alipoambiwa alimtazama Refa kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeleta udhuru. Ilimchukua miezi kuwashawishi. Alikwenda huku, akarudi kule, akasikia huyu akimtukana yule, naye akamfikishia yule ile sehemu tu isiyokuwa na matusi. Mkewe alimwambia amekuwa mshenga wa ndoa isiyotakiwa na bwana wala bibi.

Hatimaye walikubali kukutana, lakini si ofisi ya meya na si ukumbi wa baraza. Wakakutana Jumapili mchana katika karakana ya Refa, mlango umerudishwa nusu. Mwalimu aliketi kwenye stuli, viatu vyake vyeupe vimezungukwa na vyuma chakavu. Meya alikalia kasha la vifaa. Refa alisimama kwa sababu hapakubaki pa kukaa.

Mwanzo walirushiana maneno yale yale ya barazani. Kisha Mwalimu akasema, kwa uchovu zaidi kuliko hasira, kwamba wauza nafaka wamepoteza magunia kwa kuloa, na yeye akipita sokoni anaaibika. Meya akasema mke wa dereva wake alijifungulia kwenye chelezo, na mtoto hakuishi. Mwalimu hakuwa amelisikia hilo. Akauliza lini. Meya akamwambia. Kwa muda kidogo walikuwa watu wawili wa makamo waliochoka, wamekaa kwenye vumbi la chuma.

Kuanzia hapo mazungumzo yakatembea. Daraja lijengwe chini kama anavyotaka meya, lakini liwe jembamba, gari moja kwa wakati, na fedha zitakazookolewa zitengeneze paa la soko. Mwalimu akakubali kwa shingo upande, meya naye akakubali kwa shingo upande, na Refa akahisi kitu kifuani ambacho hakuwa amekihisi tangu siku ya pikapu. Kilikaribia furaha.

"Na mafundi wa pale chini?" aliuliza. "Karakana zao zitavunjwa."

"Watapewa viwanja," alisema Mwalimu.

"Wapi?" aliuliza meya. "Kwenye kata za watu wako? Wangu hawatapitisha."

"Basi kwenye zako."

"Wako ndio hawatapitisha."

Walivutana tena, na safari hii hali ikaanza kuharibika. Mwalimu akashika mkoba wake. Refa aliona kila kitu kinamponyoka mkononi kama samaki. Ndipo meya akasema, "Tuandike watatafutiwa viwanja. Pa kuwaweka tutapajua kikao kijacho, joto likishuka."

Mwalimu akafikiri. "Watatafutiwa," alirudia. "Hiyo naweza kuipitisha."

Wote wawili wakamgeukia Refa. Alijua tofauti ya "watapewa" na "watatafutiwa". Mtu yeyote angeijua. Alijua pia kwamba akilikataa neno hilo, mlango utafunguliwa, magari yataondoka, na hapatakuwa na Jumapili nyingine. Akasema sawa.

Jioni ile alishuka kwa mdogo wake. Seremala alikuwa anapaka vanishi kitanda cha maharusi, mwili mzima umejaa vumbi la mbao.

"Wamekubaliana," alisema Refa. "Daraja litajengwa."

Seremala aliitupa brashi, akamkumbatia kaka yake na vanishi yote. "Nilisema mimi! Juu au chini?"

"Chini."

Mikono ikalegea. Seremala akatazama kuta zake, bati lake, mashine ya kukerezea aliyoinunua kwa miaka ya kujinyima. "Hapa?"

"Hapa. Lakini mtatafutiwa viwanja."

"Tutapewa, au tutatafutiwa?"

Refa alitazama mto. "Ni lugha ya vikao tu hiyo. Ni kitu kile kile."

Seremala akaiokota brashi na kuipangusa vumbi lililoiganda. "Wewe ukisema ni kile kile, mimi nina neno gani, kaka? Mama angefurahi."

Siku ya kupiga kura ukumbi ulijaa. Madiwani wachache wa kila upande waliwasusia viongozi wao, kwa hiyo makubaliano hayangepita bila Refa. Aliponyoosha mkono aliwaona mafundi wa ukingoni wamekaa safu ya nyuma, mdogo wake katikati, amevaa shati lake la harusini. Seremala alipiga makofi. Alikuwa peke yake katika safu ile aliyepiga.

Tingatinga lilifika kabla ya mvua. Mafundi walipewa muda wa kutoa vitu vyao. Mbao za seremala, nyingine ngumu alizokuwa anazikausha kwa miaka, zilihamishiwa uani kwa Refa na kufunikwa turubai. Mashine ya kukerezea ilipelekwa kwa jamaa wa mkewe. Alikuwa bado anatania. Aliwaambia wenzake kwamba karakana mpya ataipaka rangi nyeupe, awe kama daktari.

Kikao kijacho kikaja. Meya alipendekeza viwanja karibu na uwanja wa mpira. Upande wa Mwalimu wakasema ni kata ya kwake, anatafutia watu wake wapiga kura. Mwalimu akapendekeza nyuma ya soko. Upande wa meya wakasema hivyo hivyo. Refa alisimama, akawakumbusha ile Jumapili. Mwalimu alimjibu kwa upole, "Ndugu diwani, tunatafuta. Ndivyo tulivyoahidi." Watu wakacheka, hata wa upande wa pili. Suala likaahirishwa. Likaahirishwa tena. Meya alikuwa na daraja lake, Mwalimu alikuwa na paa lake, na hakuna aliyekuwa na haja tena na kura ya Refa. Alipopiga simu, simu iliita mpaka ikakata.

Mvua ilipita juu ya turubai na chini yake. Siku seremala alipokuja kuchukua mbao za kazi ndogo aliyoipata, alikuta zimepinda, zimeota ukungu. Alizigeuza moja moja. Refa alisimama nyuma yake.

"Ningezitazama mara kwa mara, lakini vikao—"

"Ulijua?" seremala aliuliza bila kugeuka.

"Nilijua nini?"

"Lile neno. Siku ile nilipokuuliza. Ulijua?"

Refa angeweza kusema hapana. "Nilijua," alisema. "Lakini bila hilo lisingejengwa."

Seremala alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuikubali. "Ungeniambia, kaka. Ungesema tu, mdogo wangu, utaumia wewe ili daraja lijengwe. Huenda ningekubali. Mimi pia nilikuwa kwenye gari ile."

Aliondoka mikono mitupu. Baada ya muda si mrefu akahama na mkewe na binti yao kwenda mji mwingine, akaajiriwa katika kiwanda cha samani cha mtu. Fundi magodoro alikuwa ameshaondoka zamani. Fundi baiskeli alibaki, akawa anafanyia kazi chini ya mwavuli kando ya barabara, na Refa alipopita fundi huyo alijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku lake.

Daraja likaisha. Siku ya kulifungua meya alikata utepe upande mmoja na Mwalimu akakata mwingine upande wa pili, kila mmoja na bendi yake. Lilikuwa jembamba kweli. Magari mawili yakikutana katikati, madereva walitukanana mpaka mmoja arudi kinyumenyume. Lakini lilikuwa daraja. Mwezi wake wa kwanza, jirani ya Refa alishikwa na uchungu mvua ikinyesha, na mumewe akamfikisha hospitali kabla hajamaliza kuogopa. Refa alimwona mtoto huyo akiwa amebebwa mgongoni, akashika kidole chake kidogo. Mama mtu alimwambia, "Meya ametusaidia sana." Refa akasema ndiyo.

Uchaguzi uliofuata vyama vyote viwili vilisimamisha mgombea dhidi yake. Mmoja alimwita kibaraka wa Mwalimu, mwingine kibaraka wa meya. Alishika nafasi ya tatu. Watu walikuwa wamechoshwa na mivutano, na safari hii walimpa meya kila kitu, ofisi na baraza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema, "Tumewaondoa walinzi. Sasa tutaona kazi."

Refa alikwenda kwenye kikao kimoja cha baraza jipya, akakaa viti vya wananchi. Bajeti ilipita kabla ya chai. Kisha likaja suala la wauza mboga waliokuwa wameanza kupanga meza ng'ambo ya daraja. Waondolewe. Hakuna aliyeuliza waende wapi. Mikono ilinyooshwa yote kwa pamoja, kimya, na Refa akajikuta anamtafuta Mwalimu kwa macho, ambaye angesimama na kupiga kelele mpaka jioni. Mwalimu hakuwepo, alikuwa ameshindwa hata kwenye kata yake.

Aliporuhusiwa kusema, alikumbusha habari ya viwanja vya mafundi. Mwenyekiti mpya, kijana mwenye adabu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, hayo yalikuwa maridhiano ya baraza lililopita," alisema. "Sisi hatukuridhiana na mtu."

Jumapili moja Refa alipanda basi kwenda kumwambia mdogo wake. Aliona ni haki yake kuyasikia kutoka kwake. Seremala alikuwa anakaa chumba kimoja na sebule, nyuma ya kiwanda. Vitu vyote vya ndani vilikuwa vya kununua. Hakukuwa na kiti hata kimoja alichokitengeneza mwenyewe. Alikuwa amepungua. Alinyanyuka, akaja mlangoni, akampa kaka yake mkono.

"Karibu, mheshimiwa."

Refa alidhani ni utani, akaanza kutabasamu, lakini mwenzake hakutabasamu. Akakaribishwa kiti kilichokuwa karibu na dirisha, kile wanachopewa wageni. Shemeji yake alimsalimia kwa heshima zote. Mpwa wa shemeji huyo, aliyekuwa mezani, akaondoka kumpisha. Binti wa seremala, aliyekuwa zamani akimpanda Refa mabegani, alimletea glasi ya maji kwenye trei, akapiga goti, akarudi jikoni.

Refa akaeleza: baraza jipya, jibu la mwenyekiti, viwanja havitakuwepo. Seremala alisikiliza huku akiangalia kucha zake.

"Asante kwa kutujulisha," alisema.

"Nilitaka usikie kutoka kwangu."

"Nimesikia." Kisha, kwa sababu hakuwahi kukiweza kimya, akaongeza, "Mwezi uliopita nilipita kwenye lile daraja. Nilikwenda kumwona mgonjwa. Zuri. Limejengwa imara."

"Kama ungeniuliza leo," Refa alianza, "yaani kama ingekuwa siku ile tena—"

"Ungenyoosha mkono," alisema seremala. "Najua. Hata mimi ningekuwa wewe ningenyoosha. Usijisumbue na hilo."

Refa alingoja aseme linalofuata. Seremala aliuliza kama basi la kurudi ni la saa ngapi, akasema la jioni hujaa, ni vizuri mtu kuwahi kituoni. Alimsindikiza mpaka barabarani, hatua kadhaa mbele yake, akimwonyesha mahali pa kukanyaga penye tope, na basi lilipokuja alilipungia mkono lisimame.